Breki ya Toroli Namba Kumi na Tisa

Rubani, hunijui. Nami sikukuona uso,
niliona taa zako tu zikitambaa kwenye lami yenye maji,
saa kumi na mbili kasorobo, gizani, mwezi wa Agosti,
hapa Punta Arenas ambapo upepo haubishi hodi
na miti imeinama upande mmoja
kama watu waliosikia majina yao yakiitwa.

Mimi ni Eliecer Oyarzún, wa mizigo.
Miaka kumi na saba navuta matoroli
kwa trekta dogo lisilo na mlango.
Bi Nélida Barría, aliyenifundisha kazi, alisema:
“Ogopa toroli tupu.
Lililojaa lina adabu ya uzito wake.
Tupu ni la yeyote atakayelisukuma.”

Breki yake ni chuma kifupi, urefu wa kijiko.
Ukikishusha kinalia: kla.
Asubuhi ile mkono mmoja ulishika kikombe,
mwingine simu, picha ya mjukuu aliyezaliwa usiku.
Sikusikia kla.
Nilijiambia nimeisikia.

Kugeuka, namba kumi na tisa haipo mahali pake.
Inatembea.
Si kwa kasi, la, kama mtu anayekwenda dukani
kununua chumvi na kurudi.
Ikavuka mstari mwekundu.
Ikavuka ule mweupe ambao sisi wenyewe
hatuuvuki bila kuomba ruhusa.
Ikaingia njia yako.

Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema,
lakini wewe mguu wako ulikuwa tani sabini,
na watu mia na thelathini waliokwisha kufunga mikanda,
na mwiba wangu kitanda cha mabati, magurudumu manne,
turubai likipigapiga
mbele ya injini yenye kiu isiyochagua cha kunywa.

Nilikimbia.
Upepo ulinisukuma mgongoni,
ukalisukuma na lenyewe,
haukuwa na upendeleo.
Nikashika redio, nikasahau utaratibu wote,
nikasahau kujitaja, nikapaza sauti: Simama! Simama!
Mnara ukauliza: “Nani anasema?”
Swali halali.
Lilichukua sekunde mbili,
na bado sijamaliza kulisikia.

Kisha pua yako ikainama.

Toroli likapita mbele ya gurudumu lako,
likaenda zake hadi kwenye nyasi, likalala ubavu.
Mita nne.
Bi Nélida alipima kwa hatua zake,
akaandika tano kwa kunionea huruma,
akaitazama ile tano,
akaifuta.

Dirishani mwako kulikuwa na mwanga, na mwanamke
anayemsuka mtoto nywele.
Aliinua macho, akaona mzee amepiga magoti kwenye maji,
akanipungia mkono.
Nikampungia.
Ningefanya nini?

Walichukua kibali changu cha kuendesha, miezi miwili.
Wakanipa ufagio.
Nikaokota kokoto, skrubu, vishikio vya masanduku,
kofia ya mtalii, vijiti vya aiskrimu wakati wa baridi kali.
Ulikuwa umepita juu ya vyote hivyo, rubani,
ukitazama mbele, kama ilivyo haki yako.

Nyumbani nasukuma kigari cha mjukuu.
Tukisimama nakanyaga breki: kla.
Naachia, nakanyaga tena.
“Umeshafunga,” mke wangu husema.
Najua.
Nafunga.

Namba kumi na tisa walilipaka rangi,
wakalipa namba nyingine, kumbukumbu zikawa safi.
Mimi nalijua kwa gurudumu lake linalochechemea.
Nikilikuta limeegeshwa, hata si zamu yangu,
hata pasipo na upepo, na hapa siku hizo ni chache,
nainama, natia mkono gizani,
nagusa kile kijiko.